Sauti Iliyonaswa ni Jasho la Mtu

Katika ngoma zetu na katika taarabu ipo desturi ya zamani ambayo kila msomaji anaifahamu. Mwimbaji akigusa moyo wa msikilizaji, msikilizaji huyo huinuka mahali pake, hupita mbele ya watu wote, akamtunza mwimbaji kwa mkono wake mwenyewe. Hapana karani, hapana wakili, wala hapana hati ya mkataba. Aliyefanya kazi yupo pale pale, na aliyefurahi yupo pale pale. Tuzo hutoka mkono mmoja ikaingia mkono wa pili. Ndiyo maana wazee wakasema kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Je, mambo huwaje sauti ya mwimbaji inapoondoka kwao, ilhali mwenyewe amebaki nyumbani? Nani humtunza, na humtunza kwa njia gani? Swali hili si la wanamuziki peke yao. Ni swali la kila mtu aishiye kwa kazi ya mikono yake au ya koo lake, na yafaa tulitazame kwa makini, kwani uko muziki mzima katika dunia ya leo uliojengwa juu ya sauti za watu wasiokuwapo.

Muziki huo tunaweza kuuita muziki wa viraka. Mtungaji wake hahitaji kupiga gambusi wala zeze. Huokota sauti zilizokwisha kunaswa, kama vile mlio wa garimoshi, neno moja la hotuba, au pigo la ngoma katika santuri ya zamani. Akazikata, akazigeuza, akazirudisha nyuma, akaziharakisha au akazipunguza mwendo, kisha akaziunga moja na nyingine mpaka kikapatikana kitu kipya. Kazi yake ni kama ya fundi cherehani ashonaye shuka kwa mabaki ya vitambaa: kila kitambaa kilikuwa nguo ya mtu, lakini shuka ni ya fundi.

Wako watakaosema kwamba huo si muziki bali ni makelele. Hoja hiyo si ngeni. Walakini yafaa ieleweke kwamba kuchagua ni kazi, na kupanga ni kazi. Mawe yaliyotapakaa ufukweni si nyumba. Mwashi ndiye ayafanyaye kuwa nyumba. Hatuna haja ya kumdharau mwashi. Tunalouliza ni kwamba mawe yake ameyatoa wapi.

KAIRO KABLA YA PARIS

Vitabu vingi vya Ulaya husema kwamba sanaa hii ilizaliwa Paris mwaka 1948. Katika mwaka huo mhandisi wa radio ya Ufaransa, Pierre Schaeffer, alichukua mitambo yake akaenda stesheni ya garimoshi ya Batignolles. Huko alinasa milio ya injini, filimbi za madereva na mdundo wa magurudumu yapitapo juu ya maungio ya reli. Wakati huo utepe wa sauti ulikuwa bado haujamfikia, hivyo alifanya kazi yake juu ya sahani za santuri. Alitengeneza sahani ambazo mfuo wake ulifungwa kama pete, sindano ikawa inazunguka mahali pamoja na kuirudia sauti ile ile bila kukoma. Kwa vipande hivyo alitunga kazi fupi isiyofika dakika tatu, nayo pamoja na nyingine nne zilitangazwa katika radio tarehe 5 Oktoba 1948. Watu wa Paris wakasikia kwa mara ya kwanza kazi ya watu wa reli ikiletwa kwao kama muziki.

Hayo ni kweli, na heshima yake Schaeffer anastahili. Lakini si kweli kwamba yeye alikuwa wa kwanza. Miaka minne kabla yake, mwaka 1944, kijana mmoja wa Misri, Halim El-Dabh, aliyekuwa akisomea kilimo mjini Kairo, aliazima katika kituo cha radio cha mjini humo kinasa sauti kizito kilichotumia waya wa chuma mahali pa utepe. Alikibeba mpaka kwenye zaar. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana zaar ni nini, kwa kuwa inafanana na ngoma zetu za pepo: wanawake hukusanyika, huimba na kupiga ngoma, na mwenye kusumbuliwa hupungwa mpaka atulie. Kwa kuwa ni shughuli ya wanawake, El-Dabh alisimulia baadaye kwamba yeye na mwenzake waliingia wakiwa wamejifunika kama wanawake.

Aliporudi studio hakuitoa sauti ile kama alivyoinasa. Aliipitisha katika chumba chenye mwangwi, akaisogeza huku na huko, akaiondolea sehemu zake nzito, mpaka sauti za wanawake wale zikabaki kama mvuke wa sauti, zisizotambulikana tena kuwa za koo la binadamu. Kazi hiyo aliisikilizisha watu mjini Kairo mwaka huo huo wa 1944. Baadaye alikwenda Marekani, akafundisha pia Addis Ababa katika miaka ya 1960, akafariki mwaka 2017. Kipande kifupi cha kazi ile kilitolewa katika sahani mwaka 2000, yaani miaka hamsini na sita baada ya kutungwa. Hivyo Mwafrika alitangulia, na jina lake likachelewa nusu karne na zaidi.

Jambo hili ni la kujivunia. Lakini fahari isitufumbe macho. Wanawake wale wa zaar, ambao sauti zao ndizo zilizokuwa malighafi ya kazi ile, majina yao ni yapi? Hatuyapati. Jina la fundi tunalo, majina ya wenye nguo hatuna. Tangu siku ya kwanza kabisa ya sanaa hii, tena hapa hapa Afrika, na kwa mkono wa mtu wetu wenyewe, deni lilikuwa limekwisha kuwapo.

MPIGA NGOMA NA MWENYE SAHANI

Kwa muda mrefu deni hilo lilikuwa dogo, kwa sababu muziki wa viraka haukuwa na fedha. Ulikaa katika vyumba vya radio na vyuo vikuu. Mambo yaligeuka pale mafukara walipoushika.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba la wapangaji huko Bronx, mjini New York, kijana aliyezaliwa Jamaika, anayejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Kipande hicho katika sahani ni cha muda mfupi mno. Basi yeye akatumia sahani mbili zilizo sawa: ya kwanza ikifika mwisho wa kipande, ya pili ilikianza tena, na hivyo ngoma ya nukta chache ikawa ngoma ya dakika nyingi. Kutoka katika ufundi huo wa watu wasio na vyombo ndipo ulipotoka muziki wa hip-hop. Katika miaka ya 1980 zikaja mashine ziwezazo kuhifadhi kipande cha sauti na kukitoa kwa kubonyeza kidole, na alichokifanya Herc kwa mikono miwili kikaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mashine.

Ndipo fedha zikaingia, na fedha zikiingia ndipo haki hujulikana mahali ilipo na mahali isipokuwapo.

Tumtazame Clyde Stubblefield. Alikuwa mpiga ngoma wa James Brown, kibarua kama kibarua mwingine, aliyelipwa kwa kazi aliyoitwa kuifanya. Mwaka 1969 alipiga ngoma katika wimbo uitwao Funky Drummer, uliotoka mwaka 1970. Pigo lake moja la peke yake katika wimbo huo limechotwa na kutiwa katika nyimbo zisizo na idadi. Walakini hakuandikwa kuwa mtungaji, na kwa hiyo faida ya pigo lile haikumfikia. Alifariki mwaka 2017.

Tumtazame na Gregory Coleman, mpiga ngoma wa bendi ya The Winstons. Mwaka 1969 bendi hiyo ilirekodi Amen, Brother, wimbo uliowekwa upande wa pili wa sahani kwa ajili ya kujaza nafasi. Katikati yake Coleman alipiga ngoma peke yake kwa muda wa nukta sita hivi. Nukta hizo sita zimekatwa na kuungwa upya katika maelfu ya nyimbo, na aina nzima za muziki wa vijana wa Uingereza zimesimama juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, bila ya kulipwa chochote. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki huo waliona aibu, wakachangisha pauni 24,000 na kumpa Richard Spencer, aliyekuwa mkuu wa bendi. Lilikuwa tendo la uungwana. Lakini mpiga ngoma mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka tisa.

Msomaji ataweza kuuliza: je, sheria ilikuwa wapi? Sheria ilikuwapo. Mwezi Desemba 1991 hakimu mmoja wa New York alimhukumu mwimbaji Biz Markie na kampuni yake kwa kuchota kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na hukumu yake aliifungua kwa amri ya Taurati inayokataza wizi. Tangu hapo makampuni yakaogopa, na kila kiraka kikatafutiwa kibali na bei. Lakini angalieni bei hiyo ilikwenda kwa nani. Ilikwenda kwa mwenye hati ya wimbo na mwenye sahani, yaani mara nyingi kampuni, na si kwa aliyeshika fimbo za ngoma. Sheria iliiona mali, kazi haikuiona. Tena likatokea la pili: vijana mafukara waliokuwa wakishona shuka kwa viraka vingi wakashindwa kulipia kila kiraka, na ufundi ule wa kuunga vipande kwa makumi katika wimbo mmoja ukabaki kwa wenye fedha. Hivyo mpiga ngoma hakupata, na mshonaji akazuiliwa. Aliyekula ni mwenye ghala.

WIMBO WA KUBEMBELEZA MTOTO

Ikiwa mambo yako hivyo kwa mtu anayeishi katika nchi yenye mahakama za namna hiyo, yakoje kwa mtu wa kijijini?

Katika visiwa vya Solomon, huko bahari ya Pasifiki, mwanamke mmoja wa kisiwa cha Malaita aitwaye Afunakwa alimwimbia mtaalamu wa muziki, Hugo Zemp, wimbo wa kubembeleza mtoto. Zemp aliunasa, na mwaka 1973 ukatolewa katika sahani ya UNESCO kwa ajili ya elimu. Mwaka 1992 Wafaransa wawili wanaojiita Deep Forest waliichota sauti ya Afunakwa, wakaitilia ngoma za mashine, wakaipa jina la Sweet Lullaby. Wimbo ukavuma dunia nzima na kutumiwa katika matangazo ya biashara. Kwa kuwa sahani nzima ilitangazwa kuwa ni ya watu wa misitu ya Afrika ya Kati, wengi waliamini kwamba huyo mama ni Mwafrika. Hata mpiga saksafoni mashuhuri wa Norway, Jan Garbarek, alipoupiga wimbo huo katika sahani yake ya mwaka 1996, aliuita wimbo wa mbilikimo.

Mwaka huo wa 1996 Zemp aliandika hadharani kulalamika juu ya namna sauti hiyo ilivyotumiwa. Afunakwa alifariki mwaka 1998. Alinyang'anywa tuzo, akanyang'anywa jina, mwisho akanyang'anywa hata nchi yake, akapewa nyingine asiyoiona kamwe. Hapo ndipo tunapoelewa kwamba deni la sauti si la fedha tu. Mtu akichukua gunia lako la mahindi amekuibia gunia. Akichukua sauti yako akaifanya ya mtu mwingine, amechukua kitu ambacho hukilimi tena msimu ujao.

SAUTI ILIYOTETEA HAKI

Isidhaniwe kwamba kila anayechota ni mnyang'anyi. Mwaka 1964 polisi wa New York waliwakamata vijana weusi wa Harlem, na mmoja wao, Daniel Hamm, akapigwa kituoni. Alieleza kwamba polisi hawakutaka kumpeleka hospitali asiyetoka damu. Basi ikambidi alikamue jeraha lake mwenyewe ili damu ionekane. Yeye na wenzake watano walihukumiwa kwa kosa la mauaji, na watu wengi wakaona hukumu ile haikuwa ya haki.

Mtunzi Steve Reich alipewa tepu za maelezo yao. Akachagua sentensi moja tu ya Hamm, akaiweka katika mashine mbili zilizoanza pamoja na kuachana polepole, mpaka maneno yakavunjika na kubaki mlio, kama kilio cha watu wengi. Kazi hiyo, iitwayo Come Out, ilisikilizwa mwezi Aprili 1966 katika mkutano wa kuchangisha fedha za kuwatafutia vijana wale kesi mpya. Hukumu ile ya kwanza ilitenguliwa mwaka 1968. Hatusemi kwamba muziki ndio ulioitengua. Tunasema kwamba mwenye sauti alijulikana, na sauti yake ilipochukuliwa ilichukuliwa ili imfae mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti.

NA SISI JE?

Jambo hili liko mlangoni kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika, Kenya na Unguja akinasa ngoma na nyimbo za wazee wetu, na sahani zake zikahifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika ya Kusini mwaka 1954. Huko Ubelgiji, jumba la makumbusho la Tervuren lina hazina ya sauti zilizochukuliwa Kongo na nchi jirani wakati wa ukoloni. Mwaka 2022 msanii wa Kenya, Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, alitoa kazi ya viraka iitwayo Temporary Stored, aliyoitunga kwa sauti za hazina hiyo ya Tervuren, na kwa kazi hiyo akauliza sauti hizo zinafanya nini huko na zitarudi lini. Huyo ni kijana wetu aliyeingia katika ghala la watu na kuwataja waliomo.

Nako Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale, vijana wamezua singeli. Ufundi wake ulianza kwa kukata vipande vya taarabu, kuvizungusha katika kompyuta na kuviharakisha mpaka mapigo yakapita mia mbili kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa sahani ya Sounds of Sisso, na muziki uliodharauliwa kuwa wa wahuni ukasikika katika majukwaa ya Ulaya. Tunawapongeza vijana hawa. Hawakungoja mtu awanunulie vinanda; waliunda kwa walichokipata.

Lakini haki haina mlango mmoja. Leo kijana wa singeli ana kila sababu ya kuogopa kwamba mtu wa mbali atakata mlio wake, autie katika wimbo wake, na asimtaje. Hofu hiyo ni ya haki. Basi na ajiulize: yule mpiga fidla wa taarabu, ambaye kipande chake kinazunguka katika kompyuta yangu, nimemtaja? Wanawe wanajua? Hatuwezi kudai Paris tusichokitoa Manzese.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumsahau mtu huyu. Inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mpigaji na mwimbaji, na sanaa za jadi imezitengea sehemu yake. Hilo ni jambo jema, ambalo Stubblefield angelifurahia. Lakini sheria bila daftari ni jembe bila mpini. Maadam majina ya wapigaji hayaandikwi siku ya kurekodi, hata hakimu mwadilifu hatajua amlipe nani.

Kwa hiyo yako mambo matatu ambayo hapana budi kuyashika. La kwanza ni jina: kila anayerekodi, awe kituo cha radio, kikundi cha ngoma, au kijana mwenye simu, aandike aliyeimba, aliyepiga, mahali na tarehe. Kazi hiyo haigharimu kitu. La pili ni ruhusa: mwenye sauti, au jamaa zake, au kijiji chake, aulizwe, na aweze kukataa. La tatu ni mgawo: kazi isipoleta fedha, asidaiwe kijana maskini kwa kujifunza ufundi wake, lakini siku itakapoleta fedha, basi aliyepiga naye apate fungu, hata kama hati imeandikwa jina la mwingine. Tukifanya hivyo hatutaua sanaa ya viraka kama bei za makampuni zilivyotaka kuiua, wala hatutawaacha akina Coleman wafe na njaa ngoma zao zikilia dunia nzima.

Vyama vya wanamuziki na vikundi vya taarabu na ngoma visingoje kuanziwa jambo hili na serikali au na wageni. Wakongwe waliopiga katika sahani za zamani wako, baadhi yao wangali hai mitaani kwetu, na wanakumbuka nani alishika fidla na nani alishika dumbaki. Kila mwezi upitao wanapungua. Aende mtu na daftari, awaulize, aandike. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mtu aliyefanya kazi ni kujulikana kwamba aliifanya yeye.